Ubongo Mdogo, Kazi Kubwa: Historia Fupi ya Serebelamu

Utangulizi

Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii tunaifundisha kila mwaka katika somo la fasihi simulizi, na kila mwaka wanafunzi hutoa mifano ile ile ya mwiba, cheche ya moto na deni la dukani. Katika makala haya tunakusudia kuongeza mfano ambao haujazoeleka madarasani mwetu. Ni mfano wa kiungo cha mwili ambacho kwa karne nyingi kilidharauliwa kwa sababu ya ukubwa wake, mahali kilipo na hata jina lake. Kiungo hicho ni serebelamu, yaani ubongo mdogo.

Jina serebelamu limetokana na Kilatini. Ni umbo la udogo la neno serebramu, ambalo maana yake ni ubongo. Kilatini huonyesha udogo kwa kiambishi tamati, ilhali Kiswahili hutumia kiambishi awali, kama katika mto na kijito, mlima na kilima. Tungetaka kufuata kanuni hiyo hapa tungepata "kibongo", na msomaji angedhani tunazungumzia muziki wa Dar es Salaam. Ndiyo maana wengi wamechagua kusema ubongo mdogo, nasi tutalitumia jina hilo katika makala haya yote.

Huenda msomaji akauliza idara ya Kiswahili inahusika vipi na mambo ya madaktari. Majibu yetu ni mawili. Kwanza, ubongo mdogo unashiriki katika usemi, na usemi ndio kazi yetu ya kila siku. Pili, historia ya kiungo hiki inaonyesha jinsi jina tunalokipa kitu, au tunalompa mtu, linavyoweza kutusaidia au kutupotosha. Kwa sababu hiyo tutaanza na umbo lake, kisha tutafuata safari ya wale waliojaribu kuifahamu kazi yake, na mwishoni tutarudi katika suala la lugha.

Umbo lake na mahali ulipo

Ukipapasa kisogo chako kwenda chini, hadi pale fuvu linapokutana na shingo, ubongo mdogo umekaa upande wa pili wa mfupa huo. Juu yake kuna ubongo mkubwa, na mbele yake kuna shina la ubongo linaloteremka kuungana na uti wa mgongo. Kwa mtu mzima uzito wake ni gramu 150 hivi, takriban sehemu moja ya kumi ya ubongo wote.

Una nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, na katikati yake umepita ukanda mwembamba ambao wataalamu huuita mnyoo kwa sababu ya umbo lake. Uso wake una mikunjo myembamba iliyolala sambamba kama kurasa za kitabu. Ukiupasua katikati, utaona michirizi myeupe ikitawanyika ndani ya nyama ya kijivu mithili ya matawi ya mti. Wataalamu wa zamani walipendezwa na sura hiyo hata wakaiita mti wa uhai. Ndani kabisa, karibu na shina la mti huo, kuna jozi nne za viini vinavyopeleka ujumbe nje. Jozi tatu za vikonyo vinene huunganisha ubongo mdogo na shina la ubongo, na kupitia humo habari huingia na kutoka.

Jambo moja la kukumbuka ni suala la pande. Ubongo mkubwa wa kushoto huongoza mkono wa kulia, na wa kulia huongoza mkono wa kushoto. Ubongo mdogo haufanyi hivyo. Nusu yake ya kulia huhudumia mkono na mguu wa kulia, na ya kushoto vivyo hivyo. Daktari anayemwona mgonjwa ambaye mkono wake wa kulia unayumba, naye hana udhaifu wa misuli, huanza kushuku upande wa kulia wa kisogo.

Kazi yake inaeleweka vizuri kwa mfano. Mwendesha bodaboda anapokata kona akiwa na abiria na gunia la mkaa, hapigi hesabu ya uzito wala ya mwinamo wa barabara. Ubongo mkubwa hutoa amri, na nakala ya amri hiyo hufika kwenye ubongo mdogo. Wakati huo huo taarifa huwasili kutoka kwenye misuli, viungo, macho na sehemu ya ndani ya sikio inayohusika na mizani ya mwili. Ubongo mdogo hulinganisha kilichoamriwa na kinachotendeka, kisha husahihisha kabla kosa halijawa kubwa. Hivyo basi, hautoi amri ya mwendo, lakini bila huo mwendo hupoteza kipimo, wakati na mpangilio.

Wataalamu wa kale: Ugiriki, Misri na Roma

Aristotle (384–322 K.K.) alikwisha kuutambua ubongo mdogo kama kitu cha peke yake, akaupa jina lenye maana ya kilicho kando ya ubongo. Hata hivyo, yeye aliamini kwamba makao ya fikra ni moyo, na kwamba ubongo kazi yake ni kuupoza. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili hatuna haki ya kumcheka sana, maana hadi leo tunasema moyo umekataa, moyo umeniambia, na nimeweka moyoni.

Hatua kubwa ilipigwa barani Afrika, katika jiji la Alexandria huko Misri, mnamo karne ya tatu K.K. Wagiriki wawili walioishi na kufanya kazi huko, Herophilus na Erasistratus, waliruhusiwa kupasua miili ya binadamu, jambo ambalo kwingine lilikuwa mwiko. Erasistratus aliona kwamba mikunjo ya ubongo wa binadamu, pamoja na ile ya ubongo mdogo, ni mingi kuliko ya wanyama. Akahitimisha kwamba wingi wa mikunjo ndio wingi wa akili.

Miaka mia nne baadaye, tabibu Galen, aliyezaliwa Pergamon na kufanya kazi Roma katika karne ya pili B.K., alimpinga kwa hoja ya kejeli. Alisema punda naye ana ubongo wenye mikunjo mingi, na hakuna anayemwita punda mwerevu. Galen aliamini kwamba neva zinazosukuma misuli hutoka katika ubongo mdogo na uti wa mgongo, na kwamba ule mnyoo wa katikati ni kama kizibo kinachofungua na kufunga njia ya pumzi ya uhai. Fikra zake zilitawala kwa zaidi ya miaka elfu moja. Tunaona hapa kwamba mjadala kuhusu ubongo mdogo ulianza na swali lile lile litakalorudi mwishoni mwa makala haya: je, kiungo hiki ni cha mwendo tu au kina sehemu katika akili?

Ulaya: kutoka kuchora hadi kuhesabu

Mwaka 1543 Andreas Vesalius alichapisha kitabu chake kikubwa cha muundo wa mwili wa binadamu, chenye michoro iliyotokana na miili aliyoipasua kwa mikono yake. Mwaka 1573 Mwitalia Costanzo Varolio alitoa maelezo ya ule ukanda mnene ulio mbele ya ubongo mdogo, akaufananisha na daraja lililo juu ya mfereji. Ukanda huo unaitwa daraja la Varolio hadi leo.

Thomas Willis, tabibu Mwingereza, alichapisha kitabu cha muundo wa ubongo mwaka 1664, na baadhi ya michoro yake ilichorwa na Christopher Wren, ambaye baadaye alisanifu kanisa kuu la Mtakatifu Paulo jijini London. Willis alidai kwamba ubongo mkubwa husimamia yale tunayoyatenda kwa hiari, na ubongo mdogo husimamia yasiyo ya hiari kama mapigo ya moyo na kupumua. Hakuwa sahihi, kwani kazi hizo ni za shina la ubongo lililo jirani. Hata hivyo, aliweka swali la kazi mahali ambapo wengine waliishia kwenye swali la umbo.

Kitabu cha kwanza kilichohusu ubongo mdogo peke yake kilitolewa na Vincenzo Malacarne huko Torino mwaka 1776. Huyu alikuwa mtu wa subira. Alihesabu mikunjo yake kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, akaipa sehemu zake majina ambayo mengi yanatumika hadi sasa. Naye pia, kama Erasistratus, aliamini kwamba idadi ya mikunjo inalingana na akili za mtu.

Majaribio ya wanyama na ubishi wa wataalamu

Karne ya 19 ilileta njia mpya. Badala ya kutazama kiungo cha maiti, wataalamu walikiondoa kwa mnyama aliye hai na kuangalia kilichopungua. Luigi Rolando, akiwa Sassari katika kisiwa cha Sardinia, alichapisha matokeo yake mwaka 1809. Wanyama walioharibiwa ubongo mdogo walishindwa kwenda. Kwa kuwa Volta alikuwa ametangaza betri yake mwaka 1800, Rolando aliona mikunjo ile iliyopangana kuwa ni betri ya mwili inayotoa nguvu za misuli. Hapa kuna funzo: kila zama hueleza ubongo kwa chombo kilichovumbuliwa siku za karibuni. Galen alikuwa na kizibo cha mfereji, Rolando akawa na betri, na wa siku zetu wana kompyuta.

Katika miaka hiyo hiyo Franz Joseph Gall alivutia makundi ya watu Ulaya kwa nadharia ya kusoma tabia kwa kupapasa fuvu. Yeye alidai kwamba ubongo mdogo ni makao ya ashiki. Aliyempinga kwa nguvu zaidi alikuwa Mfaransa Pierre Flourens. Katika kitabu chake cha mwaka 1824, Flourens alieleza jinsi alivyoondoa ubongo mdogo wa njiwa tabaka kwa tabaka. Njiwa hakupooza. Alisikia, aliona, alitaka kuruka na misuli yake ilikuwa na nguvu, lakini mwendo wake ulivurugika na akawa anayumba kama mlevi. Flourens akahitimisha kwamba kazi ya ubongo mdogo ni kuratibu mwendo. Neno hilo la kuratibu ndilo lililodumu.

Mwitalia Luigi Luciani alikwenda mbali zaidi. Alifaulu kuwaweka hai kwa muda mrefu mbwa na nyani walioondolewa kiungo hicho, na mwaka 1891 akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba misuli yao ililegea, nguvu zilipungua na mwili haukutulia. Tunayasoma majaribio haya leo kwa huzuni kiasi, maana maumivu ya wanyama hao hayakuhesabiwa sana. Lakini ujuzi tulio nao ulipitia huko, na si haki kuuchukua ujuzi tukaficha gharama yake.

Darubini na ugomvi wa Stockholm

Wakati wengine wakikata, wengine walichungulia kwa darubini. Mcheki Jan Evangelista Purkyně alionyesha mbele ya mkutano wa wanasayansi jijini Prague mwaka 1837 seli kubwa zenye umbo la chupa, zilizojipanga safu moja katika gamba la ubongo mdogo. Seli hizo zinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Mwaka 1873 Camillo Golgi wa Italia alibuni mbinu ya kutia rangi kwa madini ya fedha, ambayo huchagua seli chache na kuzionyesha nyeusi pamoja na matawi yake yote. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliichukua mbinu hiyo, akaiboresha, na mwaka 1888 akaitumia kuuchunguza ubongo mdogo wa ndege. Alichokiona kilibadilisha sayansi nzima ya neva. Golgi aliamini kwamba ubongo ni wavu mmoja usiokatika. Cajal aliona kwamba kila seli ina mwisho wake, na kwamba hugusana na jirani bila kuungana naye. Mwaka 1906 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja huko Stockholm, na kila mmoja akatoa mhadhara unaompinga mwenzake.

Kutokana na kazi hiyo, leo tunajua kwamba kila seli ya Purkyně hupokea habari kutoka kwenye nyuzi nyembamba zaidi ya 100,000, na pia kutoka kwenye uzi mmoja mnene unaoizunguka kama mtambaazi juu ya mti. Seli hiyo ikishapokea yote, hutoa ujumbe wa aina moja tu, yaani ujumbe wa kuzuia. Hivyo gamba la ubongo mdogo hufanya kazi kama mhariri mzuri, ambaye haandiki makala bali hupunguza yanayozidi.

Mwaka 1967 John Eccles, Masao Ito na János Szentágothai walikusanya ujuzi huo wote katika kitabu kimoja. Miaka miwili baadaye David Marr alitoa wazo kwamba mpangilio huu ni mtambo wa kujifunza: uzi ule mmoja hutangaza kosa, na zile nyuzi nyingi hurekebishwa kidogo kidogo mpaka kosa liishe. James Albus alitoa wazo linalokaribiana na hilo mwaka 1971, na Ito na wenzake wakapata ushahidi wa mabadiliko ya aina hiyo mwaka 1982. Mtoto anayejifunza kuendesha baiskeli, na mzee anayesuka mkeka bila kuutazama, wote wanategemea kazi hiyo.

Vita na askari wa Gordon Holmes

Kwa binadamu, somo kubwa lililetwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Gordon Holmes, daktari aliyezaliwa Ireland, alihudumu katika hospitali ya jeshi la Uingereza huko Boulogne, Ufaransa. Kofia za chuma za askari zilikaa juu ya kichwa na kuacha kisogo wazi, na kwa hiyo vijana wengi waliletwa wakiwa na majeraha ya risasi na vipande vya mabomu katika sehemu hiyo. Mwaka 1917 Holmes alichapisha maelezo yake, ambayo hadi leo madaktari huyatumia.

Vipimo vyake vilikuwa rahisi. Mgonjwa aliombwa kugusa ncha ya pua yake, kisha kidole cha daktari. Mkono wenye hitilafu ulitikisika kadiri ulivyokaribia shabaha, ukapita au ukakomea njiani. Aliombwa kugeuza kiganja juu na chini haraka haraka, na mkono ule ukapoteza mdundo. Aliombwa kutembea, naye akatanua miguu na kuyumba. Mmoja wa askari hao alimweleza Holmes kwamba mkono wake mzima hufanya mambo wenyewe bila kuuwaza, ila ule mwingine analazimika kuufikiria katika kila hatua. Kwa maoni yetu hakuna mtaalamu aliyewahi kuieleza kazi ya ubongo mdogo vizuri kuliko askari huyo.

Ubongo mdogo na usemi

Holmes aliona pia kwamba wengi wa majeruhi hao walibadilika katika kusema. Sauti ilikuwa nzito na ya taratibu, mara ikalipuka ghafla, na silabi zikaachana. Kabla yake, Mfaransa Jean-Martin Charcot alikuwa ameeleza usemi wa silabi zilizotengana kwa wagonjwa wenye maradhi yanayoshambulia ubongo na uti wa mgongo.

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapoingia. Kiswahili kina mkazo unaotabirika, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tunaposema "ninakwenda sokoni", ulimi, midomo, koo na pumzi hukubaliana ni silabi ipi itamkwe kwa uzito na ipi ipite haraka. Mtu ambaye ubongo wake mdogo umeathirika huweza kusema "ni-na-kwe-nda so-ko-ni", kila silabi ikipewa uzito sawa kama mtu anayehesabu sarafu. Sarufi yake haijaharibika. Msamiati anao, na upatanisho wa ngeli ni sahihi. Kilichopotea ni mdundo. Msikilizaji asiye na subira humwona mjinga, ilhali kilichoharibika ni uratibu wa misuli.

Wapo wanaosema kwamba mchango wake katika lugha unazidi matamshi. Mwaka 1988 Steven Petersen na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi uliotumia picha za mtiririko wa damu kichwani. Walipowataka watu wataje kitenzi kinachofaa nomino fulani, kama tungesema "jembe" nao wakajibu "kulima", sehemu ya kulia ya ubongo mdogo iliamka zaidi ya ilivyohitajika kwa kutamka tu. Mwaka 1998 Jeremy Schmahmann na Janet Sherman walieleza wagonjwa ambao, baada ya kuumia sehemu hiyo, walipata shida ya kupanga mambo, kutafuta maneno na kudhibiti hisia. Mjadala kuhusu kiasi cha mchango huu unaendelea, lakini lile swali la Erasistratus na Galen limerudi mezani.

Aidha, hesabu za siku za karibuni zimeliaibisha jina lenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, walitangaza kwamba ubongo wa binadamu una seli za neva takriban bilioni 86, na kati ya hizo bilioni 69 zimo katika ubongo mdogo. Mwaka 2020 utafiti mwingine ulionyesha kwamba mikunjo yake ikikunjuliwa yote, eneo lake hukaribia asilimia 80 ya eneo la gamba la ubongo mkubwa. Mdogo ni kwa uzito tu.

Mfano kutoka Nigeria

Msomaji asije akadhani kwamba habari hizi ni za Ulaya na Marekani pekee. Katika miaka ya 1950, madaktari magharibi mwa Nigeria, katika eneo la Waijesha, walieleza ugonjwa uliozuka kila msimu wa mvua. Watu waliokuwa wazima jana waliamka wakitetemeka, wakiyumba na kusema kwa shida. Dalili zilielekeza kwenye ubongo mdogo, lakini chanzo hakikujulikana.

Katika miaka ya 1990 daktari Bola Adamolekun na wenzake walilipata jibu jikoni. Watu hao walikuwa wakila viwavi wa nondo wa hariri waliookwa, chakula chenye protini nyingi kinachopatikana msimu huo. Viwavi hao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na hakiishi nguvu kwa moto wa kuoka. Kwa mtu ambaye mlo wake wa kawaida ni wa wanga kwa wingi na vitamini kidogo, akiba ndogo aliyonayo huisha, na ubongo mdogo huwa miongoni mwa wanaoumia mwanzo. Wagonjwa waliopewa vitamini hiyo walipona haraka kuliko wasiopewa. Tunaharakisha kusema kwamba habari hii ni ya kiwavi yule mmoja, na haiwahusu senene wala kumbikumbi wetu.

Tunaupenda mfano huu kwa sababu moja. Kwa miaka mingi kijiji kizima kingeweza kusema wale watu wamerogwa, au wamekunywa kupita kiasi. Dawa ilikuwa vitamini.

Hitimisho

Pombe huathiri ubongo mdogo haraka, na ndiyo sababu polisi wa nchi kadhaa humtaka dereva anayeshukiwa atembee juu ya mstari mmoja, kisigino kwa kidole. Lakini si kila anayeyumba amekunywa. Mtu anaweza kuyumba kwa sababu ya kiharusi cha kisogoni, uvimbe, ajali ya pikipiki, maradhi ya kurithi au ukosefu wa lishe. Mtu wa namna hiyo akipita barabarani au akiingia darasani, neno la kwanza tunalompa mara nyingi ni mlevi. Neno hilo likishatamkwa, hapelekwi hospitali, bali hupelekwa nyumbani akalale. Tukumbuke kwamba baadhi ya maradhi hayo, kama kiharusi, hayasubiri asubuhi. Anayeanza ghafla kuyumba, kutapika, kuumwa sana na kichwa au kusema kwa kuburuta maneno anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Kuhusu istilahi, tumekutana na majina matatu katika kazi za tafsiri za wanafunzi wetu: ubongo mdogo, ubongo wa nyuma na serebelamu. Maoni yetu ni kwamba jina la ubongo wa nyuma lisitumike kwa kiungo hiki, kwa sababu sehemu ya nyuma ya ubongo ni pana zaidi, nayo inajumuisha pia daraja la Varolio na sehemu ya chini ya shina la ubongo. Serebelamu linafaa katika maandishi ya kitaalamu yanayohitaji kulingana na lugha nyingine. Ubongo mdogo linafaa kwa msomaji wa kawaida, mradi mwalimu aeleze kwamba udogo huo ni wa uzito, na kwamba seli nyingi za ubongo wetu zimo humo.

Tangu Aristotle hadi leo, kila aliyekisogelea kiungo hiki alikuja na jina lake: kando ya ubongo, kizibo, betri, makao ya ashiki. Walioongeza ujuzi ni wale waliokubali kuangalia kwa muda mrefu kabla ya kutaja. Tunawaomba wanafunzi wetu wa tafsiri na isimu wafuate mfano huo wanapounda istilahi, na tunawaomba wasomaji wetu wote waufuate wanapomwona mtu anayumba njiani.